Timu Isiyo na Tajiri

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya fimbo zikipiga bodi ya landrova. Bodi ile ni ya aluminiamu, hailii kama bati la nyumba. Inalia kwa mkato, ta, ta, ta, kama mtu anayepasua kuni kavu kwa haraka, na kila pigo linaacha bonde. Mimi nilikuwa nyuma, nimelala kifudifudi juu ya mwanamume mzima, turubai limetufunika wote wawili. Fimbo zilizokosa bodi zilinipata mimi. Yule aliyekuwa chini yangu alikuwa dereva wa timu ya upande wa pili, na waliokuwa wanapiga walikuwa mashabiki wetu wenyewe.

Watu wa Bariadi wakiisimulia habari hii huanzia kwenye fimbo na kuishia kwenye moto. Timu hawaitaji. Mimi nitaanza na timu, kwa sababu tuliipenda.

Mwaka ule wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, kaka yangu alikuwa utingo kwenye lori la chama cha ushirika. Wanunuzi wapya waliingia na pikapu zinazong'aa, chama kikalegea, na magari yake mabovu yakabaki uani yanaota majani. Kaka alikuwa akiyapitia kila jioni kama mtu anayetembelea wagonjwa. Siku moja alimswaga maksai wa baba, yule wa upande wa kulia wa jembe, akamwuza mnadani, akarudi nyumbani akivutwa na trekta la watu, ameshika usukani wa landrova isiyo na injini wala milango.

Baba alimchapa. Kaka alikuwa mtu wa kuoa, ana ndevu, na baba alimchapa kwa mjeledi uleule wa kuswagia maksai, wanaizunguka landrova, mmoja mbele mmoja nyuma. Mama alisimama pembeni akisema, "Mpige mgongoni, usimguse macho. Ataendeshaje?"

Baba alipochoka aliingia ndani ya gari, akakaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani.

"Hili linakula nini?" akauliza.

"Petroli," kaka akajibu, anajifuta damu sikioni.

"Hutaliweza. Maksai alikuwa anakula majani."

Lakini hakushuka mpaka mama alipoita watu kula.

Fundi wetu alitoka jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, alikokuwa akitunza injini kubwa ya dizeli mpaka kazi ilipoisha. Alikuwa na hasira ya karibu. Ukimwuliza gari litawaka lini, spana inakuja hewani. Mimi nina kovu juu ya nyusi la swali hilo hilo. Halafu akishakupasua, yeye mwenyewe ndiye anayechemsha maji ya chumvi, anakuosha kidonda taratibu, anakupulizia, anasema, "Samahani mwanangu, mkono umetangulia." Injini aliipata kipande kipande, kabureta huku, kichwa cha silinda kule, na milango tulikaa bila mpaka mwisho. Siku lilipowaka, lilipiga mlio kama bunduki, kuku wa jirani wakapotea hadi kesho yake, na fundi akakaa chini akalia.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Msimu wa pamba nilifanya kazi kwenye gulio, ghala la kijiji la kupimia pamba, kazi ya kushindilia. Unaingia ndani ya gunia kubwa lililotundikwa, wanakumwagia pamba, unaikanyaga, unapanda nayo polepole mpaka kichwa chako kinatokeza juu. Vumbi linakujaa kooni. Mimi niliimba humo ndani. Nilikuwa najiona niko kwenye gari linalokimbia kupita Mwandoya, kupita hata mahali ambapo sikujua jina lake, nimevaa miwani mikubwa, watoto wananipungia. Wenzangu walicheka, "Dereva wa gunia, umefika wapi leo?" Nikawajibu nimefika mbali, naomba maji.

Mashindano hayakuanzishwa na mtu. Yalianza na pamba. Pikapu iliyotangulia kufika kwenye gulio ndiyo iliyonunua, kwa hiyo madereva wa matajiri walikimbizana kwenye barabara za vumbi, wakasukumana hadi kwenye mashamba, wakavunjana vioo. Niliwahi kumwona dereva mmoja akimshusha mwenzake kwenye pikapu na kumpiga kwa ufunguo wa magurudumu, wakulima wamekaa juu ya magunia yao wanatazama, hakuna aliyeinuka. Msimu ulipokwisha, madereva hawakuweza kuacha. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana mwisho wa mji, kwenye njia ya Mwandoya, wakakimbia mpaka kwenye mto mkavu na kurudi. Kila tajiri wa pamba alikuwa na timu yake, amewanunulia vijana fulana za rangi moja.

Sisi hatukuwa na tajiri. Tulikuwa kaka, fundi na mimi, na fulana tulivaa alizotuacha nazo Mungu.

Tatizo la landrova yetu lilikuwa nyuma. Kwenye mchanga matako yake yalicheza, gari linataka kwenda kando kama mbuzi anayevutwa kamba. Fundi aliweka mifuko ya mchanga, ikasaidia kwenye njia iliyonyooka, lakini kwenye kona mchanga hauhami. Alinitazama.

"Wewe umezoea kusimama juu ya kitu kinachozama," akasema. "Panda nyuma. Kona ya kulia, jitupe kulia. Kona ya kushoto, jitupe kushoto. Ukianguka usipige kelele, utamchanganya kaka yako."

Nilianguka mara nyingi. Niling'oka kucha, nikavunjika kidole cha mkono wa kushoto, mpaka leo kimepinda. Mama alikuwa ananikanda kwa maji moto huku analia na kunitukana, na mimi nacheka, kwa sababu tulikuwa tunashinda. Ile landrova ya kutupwa iliziacha pikapu mpya. Wakulima waliokuwa wamechoka na bei za matajiri walitupenda kwa sababu hiyo tu, kwamba nyuma yetu hakuna tajiri.

Dereva tuliyepambana naye zaidi alikuwa rafiki wa kaka. Walikuwa utingo pamoja kwenye lori la chama, wamelala juu ya mzigo mmoja wakifunikwa na shuka moja. Sasa aliendesha pikapu nyeupe ya tajiri mwenye fulana za njano. Kabla ya kuondoka mstarini walitaniana kila mara.

"Mwangaluka, nkoi," yeye huanza, yaani habari za asubuhi rafiki yangu. "Hilo jeneza mmelifukua lini?"

"Jeneza lina mwenyewe," kaka akamjibu. "Wewe unampashia tajiri kiti. Akitaka kukaa, unashuka."

"Na dada yako huko nyuma ni mzigo au abiria?"

"Mimi ni breki yako," nikasema, na yeye akacheka kwa moyo mkunjufu, ana pengo moja mbele.

Halafu walikimbia, na wakikimbia hawakuwa tena marafiki. Alishatugonga ubavuni kwa makusudi. Kaka alishamwingiza kwenye shamba la mtama. Jioni wanaonekana wamekaa pamoja wanatafuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mmoja ana plasta puani.

Hapa lazima niseme jinsi watu wetu wanavyotazama mashindano. Katika ngoma zetu, pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji wenyewe ndio wanaohukumu, kwa miguu. Upande ukipendeza, watu wanaukimbilia, na upande uliokimbiwa ndio umeshindwa hata kama wanacheza vizuri. Huko ndiko watu walikokulia. Walipoanza kuja kutazama magari, walifanya vivyo hivyo. Wa landrova walisimama upande wa kulia wa barabara, wa pikapu nyeupe upande wa kushoto, na gari moja likilipita lingine, watu wa kati walivuka kwenda kwa anayeshinda, wakicheza na kutingisha matawi. Mwanzoni walikuwa wachache, na magari yalikuwa mbali, na sisi tulifurahi. Fundi peke yake ndiye aliyekasirika. Aliwarushia spana mara moja. Wakampigia makofi.

Jumapili ya mwisho watu walikuwa wengi kuliko mnadani. Tulikwenda hadi mto mkavu, fundi amekaa kando ya kaka, tukageuka, na kwenye mchanga wa mto pikapu nyeupe ikatuacha. Vumbi lake lilitufunika kiasi kwamba kaka aliendesha kichwa nje, ametoa ulimi. Nikawaza tumekwisha. Karibu na mwisho, pale barabara inapopinda kulia kuzunguka shamba la pamba, kaka hakupinda. Alikata ndani ya shamba, mashina makavu yanapasuka chini yetu, mimi nimeshika ubao kwa meno na mikono, nikaruka juu, nikarudi chini, tukatokea barabarani mbele ya ile pikapu.

Watu wa upande wa kushoto walituona tumetangulia. Wakavuka.

Hawakutazama nyuma yetu. Katika ngoma hakuna cha kutazama nyuma. Walikuja wote kwa pamoja wakiimba, matawi juu, wakafunga barabara kati yetu na vumbi letu, na ndani ya vumbi ilikuwemo pikapu nyeupe. Mimi ndiye niliyekuwa nimeangalia nyuma, kazi yangu ilikuwa huko. Niliiona taa yake moja ikitokeza. Niliona watu wakiinuka kama pamba inavyoinuka ukimwaga. Kijana mmoja alikuwa ametangulia wenzake, ana tawi la mwarobaini, ananitazama mimi usoni anacheka, na bado anacheka pikapu ilipomchukua.

Pikapu iliingia kwenye mtaro, ikasimama imeinama. Halafu mwanamke mmoja akapiga mwano, lile yowe la hatari ambalo kila anayelisikia lazima alipokee na kutoka na silaha, na likapokewa shamba hadi shamba mpaka sikuweza kujua linatoka wapi.

Walioumia walikuwa wamelala barabarani na wengine waliwainamia. Lakini wengi zaidi walikwenda kwenye mtaro. Fimbo tunazo, sisi ni watu wa ng'ombe, mwanamume hatoki bila fimbo. Kioo cha mbele kilikwenda kwa pigo la kwanza. Nilimwona rafiki wa kaka ndani, anajikinga kwa mikono, na mkono mmoja ulikuwa umeshavunjika, unaning'inia.

Kaka alirudisha gari kinyumenyume. Nilipiga ngumi kwenye bodi nyuma ya kiti chake, "Kaka, unakwenda wapi?"

Watu walipoona landrova inakuja, walifungua njia. Walishangilia. Mzee mmoja aliyekuwa na shoka alisema kwa sauti, "Mpisheni bingwa. Mwacheni amalize mwenyewe."

Wakampisha. Walidhani tumekuja kuua. Kaka alishuka na fundi akashuka na mpini wa jeki, na watu wakanyamaza ili waone vizuri. Kaka aliingiza mikono dirishani, akamshika rafiki yake kwapani, akamvuta nje juu ya vioo. Yule alidhani hivyo hivyo. Alimwambia kaka, "Nkoi, fanya haraka." Kaka akambeba kama gunia, akamtupa nyuma kwangu.

"Mlalie," akaniambia.

Nilimlalia. Fundi akavuta turubai. Ilichukua watu muda kuelewa, muda wa kaka kufika kwenye usukani na fundi kudandia ubavuni. Ndipo ta, ta, ta zikaanza.

Chini ya turubai kulikuwa na giza na harufu ya petroli na damu. Kila pigo lililonipata nililihesabu kuwa halikumpata yeye. Nilikuwa naomba Mungu kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenitoka. Yule chini yangu akasema kwa shida, "Dada, umenikalia mkono uliovunjika."

"Vumilia."

"Wangapi?"

"Sijui. Nyamaza."

"Sikuwaona. Nilikuwa naliona vumbi lenu tu."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anatetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, na mimi pia, hata sikujua ni nani anamtetemesha mwenzake.

Mwano ulitutangulia mjini. Pale nyumba zinapoanza walikuwa wameshaweka mikokoteni barabarani. Kaka akakata tena mashambani. Jiwe lilimpata tayani na meno yakamtoka, akayatema, akaendelea kuendesha. Fundi pale ubavuni alipigwa mpaka mpini wa jeki ukamponyoka, kisha akatumia mikono, kisha akawa anatukana tu. Jiwe jingine lilitoboa rejeta. Tulifika kwenye lango la kituo cha polisi gari linatoa mvuke mweupe, likazima lenyewe, halikuwaka tena maishani mwake. Askari walimwingiza yule dereva ndani akiwa hai. Walipiga risasi hewani, na watu wakarudi nyuma hatua chache, na kwa kuwa hawakumpata mtu, walichukua gari. Walilisukuma hadi upande wa pili wa barabara, wakalipindua, wakalichoma. Wengine niliwajua. Jumapili iliyotangulia walikuwa wamenibeba mabegani.

Fundi alilitazama likiungua kupitia wavu wa dirisha la kituo, uso umevimba, jicho moja limefumba. "Kabureta ile ilikuwa bado nzima," akasema.

Dereva alipona. Walimhamisha mkono ukiwa kwenye mbao, na nasikia yuko mkoa mwingine, haendeshi, anauza vipuri. Kaka anakula vitu laini. Fundi alirudi kutengeneza baiskeli, na watoto wanamwuliza maswali bila kupigwa, jambo ambalo linaniumiza. Tajiri wa fulana za njano hakuonekana tena Jumapili yoyote, na wala hapakuwa na Jumapili nyingine ya magari.

Yule kijana wa tawi la mwarobaini alifariki siku ileile. Wengine waliumia, wakauguza miguu na mbavu miezi mingi. Ndugu zetu walisema tusijitokeze msibani, tutauawa, na tena si gari letu lililomgonga. Baba alimsikiliza kila mtu, kesho yake alfajiri akaenda zizini akafungua jike lenye mimba.

Kaka akamwambia kwa mdomo uliofungwa kitambaa, "Baba, usiende. Hawatakuelewa."

"Kijana alikuwa anavuka kuja upande wetu," baba akasema. "Siwezi kukaa."

Mama akamwambia avae shati safi. Alivaa, akamswaga yule ng'ombe polepole kwa njia ya mashamba, hana fimbo mkononi. Mara ya kwanza kumwona hivyo. Tulikaa tunasikiliza kama mwano utapigwa. Haukupigwa. Alirudi jua limeshakuwa kali, peke yake bila ng'ombe, akaomba maji, akanywa.

Wote walipokuwa wamemzunguka baba, mimi nilitoka. Mgongo ulikuwa bado unauma, natembea kama bibi kizee. Nilikwenda mpaka pale barabara inapopinda kuzunguka shamba la pamba. Pikapu ilikuwa imeshavutwa. Palikuwa na vioo, na matawi yaliyonyauka, na mahali fulani mtu alikuwa amemwaga mchanga akausawazisha kwa mguu. Na palikuwa na viatu. Sikuwa nimewaza viatu. Kandambili, katambuga za matairi, kimoja cha ngozi cha kwendea kanisani, vya watoto, vimetapakaa barabara nzima, na magurudumu ya baiskeli za asubuhi yalikuwa yanavipita kando.

Hapakuwa na mtu. Nilianza kuviokota. Nilivipangusa vumbi kwa khanga, nikatafuta cha kushoto na cha kulia, nikalinganisha nyayo, kilichochakaa kisigino na mwenzake aliyechakaa kisigino, nikavipanga viwiliviwili kwenye majani pembezoni, vimeangalia upande wa vijiji, ili mwenyewe akija avae tu. Kilichokosa mwenzake nilikiegemeza kwenye jiwe, mahali kitakapoonekana.